Familia Zake Zote

Mwanangu Praygod,

Sitakuandikia habari za kufua soksi wala za kutokuazimisha watu shuka. Ukifika chuoni Dodoma utayajua hayo kwa shida, kama walivyoyajua wenzako. Wala sitakuandikia zaburi. Mchungaji alikuombea Jumapili mbele ya usharika mzima, na kwa jina tulilokupa, kama Mungu bado hajasikia basi tatizo si letu tena.

Nakuandikia kwa sababu nimechefuka. Nimechefuka tangu mchana, na hata chai ya tangawizi haijaniweka sawa.

Ulikuwa dukani na rafiki yako Brayton, mimi niko nyuma natoa kopi. Ukamwonyesha ile laptop yangu nyeusi ya Wajerumani, ukamwambia, "Oya, unaiona hii kitu? Hii ndo ilimwongezea mzee mke wa pili." Mkacheka mpaka mkashikana mabega. Halafu ukanigeukia na uso wako ule wa kubembeleza: "Mama, kabla sijasepa niache niipige window. Bado iko na Windows Seven, mama. Aibu, ujue." Nikasema hapana. Ukasema, "Na wewe mama! Kitu kimechoka unakikumbatia kama kihamba cha urithi." Nikatoka nje kumwaga ndoo ya maji ambayo hayakuwa machafu.

Sasa kaa usome. Nachapa kwa laptop hiyohiyo, duka bado liko wazi, na kila anayeingia kutaka picha za pasipoti namwambia arudi kesho. Nimechapa polepole na kila y na kila z nimeikagua.

Kwanza, usidhani naabudu mashine. Naijua kuliko wewe. Betri ilikufa siku nyingi, inafanya kazi kama pasi, ukichomoa waya imezima. Mitandao mingi imenifungia mlango, nikibonyeza inaniambia nitafute toleo jipya. Wenyewe walioitengeneza hiyo Windows waliacha kuitunza, na najua kila mdudu wa mtandaoni anaweza kuingia humo akajilalia, ndiyo maana mambo ya benki siyagusishi nayo kabisa. Wateja wa maana wamehamia stationery mpya pale njia panda. Wana haki. Hata mimi ningehamia.

Wala si kwamba sina nyingine. Kila Disemba ndugu zetu wakipanda mlimani kula Krismasi, wanashusha kwenye magari yao kreti za soda, mbuzi mmoja, na laptop walizochoka nazo. "Mama Praygod, nimekuletea kompyuta!" Ukiifungua, herufi nusu zimefutika, betri imevimba kama andazi, chaja imesahaulika Dar. Na wewe ushukuru, upige vigelegele kidogo, umpakulie supu. Kabati la bibi yako limejaa hizo. Ninachochukia si uchakavu wake. Nachukia ule uso wa mtu anayekutupia takataka yake mlangoni halafu anasimama kungoja asante.

Lakini kinachonitia kinyaa kuliko vyote ni hilo neno lenu, kupiga window. Laptop nzito? Piga window. Haina sauti? Piga window. Imemwagikiwa chai? Piga window tu, mama, itakaa sawa. Fundi hakuulizi ndani kuna nini wala cha nani. Anafuta, anakuwekea sura mpya yenye picha ya milima isiyo ya kwetu, anakurudishia, na wote mnafurahi. Ukoo wa baba yako umeishi hivyo miaka yote, na leo nilikusikia na wewe unaongea kama wao.

Turudi kwenye msiba wa baba yako.

Unajua kibodi ya laptop hii ilivyo, ila nataka unifuate vizuri. Ililetwa na wageni wa usharika rafiki kutoka Ujerumani. Kwao Wajerumani, herufi z imekaa pale ambapo kompyuta za huku zimeweka y, na y imekaa kwa z. Windows Seven ilikuja imepangwa kwa lugha yao, kwa hiyo herufi iliyochorwa kwenye kitufe ndiyo inayotokea kwenye kioo. Mimi nilijifunza kuchapa hapohapo, kwa kutazama vitufe. Sijawahi kuchapa nimefumba macho kama makarani wa filamu.

Baba yako alipofariki, baba yako mkubwa Eliakimu aliichukua laptop dukani bila kuniuliza. "Shemeji, hii mashine ni nzito," akaniambia baadaye. "Itatuchelewesha ratiba ya mdogo wangu. Nimeipeleka Moshi ikapigwa window." Ikarudi na Windows mpya, ya Kiingereza. Kisha akaja sebuleni nilikokaa chini na kina mama, akaniinua. "Jikaze kidogo, shemeji. Hapa kijijini anayejua kuchapa ni wewe tu." Unaelewa? Mjane aliinuliwa kwenye godoro la msiba akamchapie mumewe wasifu, ili wenye suti wasipate taabu ya kushuka mjini mara ya pili. Na nikainuka. Mpaka leo nikilikumbuka hilo mate yananijaa mdomoni.

Nikaketi hapa nilipoketi sasa. Nikaandika "nyumba", ikatokea "nzumba". Nikaandika "kazi", ikatokea "kayi". "Mwenyezi" ikawa "Mwenzeyi". Nikadhani ni machozi. Nikajifuta, nikaandika tena, nzumba. Ndipo nikaelewa kwamba ile Windows mpya inaidhani kibodi ni ya Kiingereza, na kila nikibonyeza y inaniwekea z. Sikujua kuirekebisha, na watu walikuwa wanasubiri. Nikawa nasahihisha neno moja moja.

Wasifu wenyewe alikuwa ameutunga baba yako mkubwa, kwa mkono, kwa mwandiko wake wa mwinamo. Mume mwaminifu. Mzee wa kanisa asiye na doa. Mkulima hodari wa kahawa huku mlimani na wa mpunga kule Mabogini. Na mwisho kabisa: "Ameacha mjane, mtoto mmoja, na pengo kubwa kwa familia yake yote."

Nilipochapa, kwenye kioo ikatokea "familia zake zote". Herufi mbili tu. Nzumba kila mtu anaiona. Lakini hii ukiipitisha jicho ni Kiswahili safi kabisa, haina hata mchubuko.

Kilichofuata ulikiona, ila ulikiona kwa macho ya mtoto. Tulikuwa kaburini, hapo nyuma ya migomba. Baba yako mkubwa akasoma yeye mwenyewe, kwa ile sauti yake ya kanisani inayojipenda. Akafika mwisho akasoma kilichoandikwa: "na pengo kubwa kwa familia zake zote." Kilishamtoka. Hata aliyekuwa anakohoa kwenye kwaya aliacha. Mshereheshaji naye, bila kufikiri, akaita, "Familia sasa waje waweke mashada." Na pale nyuma, kwenye mibuni, mama mmoja mwenye kitenge cheusi akamshika binti yake mkono wakaanza kuja mbele. Walikuwa na shada dogo la maua ya bustanini, limefungwa kwa uzi.

Baba yako mkubwa akainua mkono. "Samahani wapendwa! Ni kosa la kompyuta. Hii kompyuta ya Wajerumani na Windows yake ya zamani!" Mwongo. Windows ilikuwa mpya, yeye ndiye aliyeilipia. Lakini watu walicheka, mwanangu, walicheka kaburini kwa jinsi walivyofarijika. Nikasikia na mtu anasema, "Yelewii, teknolojia!" Baba zako wadogo wawili wakaenda wakamshika yule mama viwiko, taratibu, kama wanaomsaidia mgonjwa, wakampeleka kwenye migomba. Shada sikuliona tena.

Wewe ulikuwa ubavuni kwangu, shati lako jeupe limekuzidi mikono. Ukaniuliza, "Mama, familia ngapi?"

Baba yako mkubwa akawahi: "Moja tu, mwanangu. Ni kompyuta."

Nami nikanyamaza. Ukaubeba utani huo tangu kaburini, umekua nao, na mchana wa leo umeutoa mbele ya Brayton neno kwa neno, mpaka ule mnyamazo mdogo ambao baba yako mkubwa huuweka kabla ya kumalizia. Ndicho kilichonitoa nje na ndoo.

Haikuwa kompyuta, Praygod. Niliiona. Nilisahihisha nzumba zote na kayi zote, nikafika pale, kidole kiko juu ya kitufe, nikasoma mistari ya juu, "mume mwaminifu". Nikaondoa kidole. Nikachapisha nakala za kuwatosha watu wote.

Sijutii. Ningeulizwa na mchungaji ningemjibu hivyohivyo. Ninachokionea kinyaa ni kile kimya changu baada ya pale, kwamba nilitenda jambo kwa kidole changu halafu nikaacha mashine ibebe. Ujasiri wangu uliishia kwenye karatasi.

Utauliza nilijuaje. Wewe ulikuwa darasa la pili. Ng'ombe wetu alikuwa anazaa kwa shida, baba yako ameshuka Mabogini, alisema ana zamu ya maji ya mpunga, na simu haipatikani. Nikapanda bodaboda nikateremka. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba moja, anaongea na jirani habari za mfereji, na binti anamvua mabuti yenye tope. Hakumtazama yule binti. Mguu wenyewe ulijinyoosha. Mtoto wa jirani hakuvui mabuti hivyo, ule ulikuwa mguu uliozoea. Binti akainua kichwa, nikayaona masikio yako, hayohayo walimu waliyoyavuta. Nikageuza bodaboda bila kuonwa. Ng'ombe alizaa mwenyewe.

Siku nyingine nikashuka kugombana. Nilikuwa nimejiandaa, nilivaa hata viatu vya kufungwa. Yule mama uliyemwona kaburini akanipa kigoda, akaniacha nibwate mpaka nikakaukiwa, kisha akaniambia bila kupandisha sauti: "Dada, mimi nilikuwepo kabla yako."

Nikataka kumtukana. Lakini binti alikuwa amesimama mlangoni, na kwa kimo tu ungejua kwamba alizaliwa kabla baba yako hajanichumbia. Baba yako alitaka kumwoa mama yake. Eliakimu na wazee wakakataa. Walisema ni mtu wa tambarare, si wa usharika wetu, kwao hawana kihamba, atatuzalia watoto wasiojua mlima. Baba yako, ambaye aliweza kuinua gunia la kahawa peke yake, akashindwa kuinua mdomo. Wakaja Machame kwa baba yangu na pombe ya mbege na maneno matamu, wakanichukua mimi, nikafungishwa ndoa na kwaya mbili. Hakuna aliyenifungulia mdomo. Walimpiga window yule mama ili wapate nafasi ya kuniweka mimi, na mimi nikajiona bibi harusi. Katika familia zake zote, aliyekuja nyuma ni mimi.

Nilirudi nyumbani sikusema neno. Nilipika machalari ya ndizi, nikampakulia, akasifu. Usinielewe vibaya, nilimpenda baba yako. Bado nikikata ndizi nahesabu na zake, halafu nakasirika kwamba nimezihesabu.

Baada ya arobaini nilimtafuta fundi nikamwambia arudishe Windows ya zamani. Akanicheka. "Mama, wenzako wanakwenda mbele." Nikamwambia arudishe, sijamwita kunipa semina. Na nimeing'ang'ania mpaka leo kwa sababu baba yako mkubwa kila hafla anausimulia ule utani. Kipaimara chako aliusimulia. Harusi ya binti yake aliusimulia. Na kila mara anamalizia, "Jamani mwambieni shemeji atupe ile kompyuta!" Nilijua siku nikiitupa atatulia kabisa, atasema lile kosa limekwisha rekebishwa, na yule mama mwenye kitenge cheusi atakuwa hakuwahi kuja. Basi nikakaa nayo. Usiniite mwenye hekima kwa hilo, ni ukaidi tu, umenifukuzia wateja na macho yameniuma. Ningesema neno moja kwa sauti siku ile kaburini ningekuwa na kompyuta nzuri leo.

Ile laptop mpya aliyokununulia baba yako mkubwa ichukue. Kifaa hakina kosa. Kikikuomba kiboreshwe kiboreshe, usije ukawa kama mimi unabishana na kioo. Wala sikutumi umchukie. Atakuja alfajiri na gari lake kutupeleka stendi, atatoa sala ndefu, utasema amina kama mtoto aliyelelewa. Ila ukimsikia anaanza tena ule utani, usicheke. Nitajua kwa hilo tu kwamba umesoma.

Liko jingine, na hili ni zito kwangu kuliko yote niliyoandika.

Yule binti anaitwa Happiness. Mama yake aliugua sana mwaka jana, nikawa namshukia hospitali na mtori, jioni jioni, wewe ukiambiwa nimekwenda kununua wino. Alifariki. Tulimzika tambarare, na wasifu nilimchapia mimi. Happiness sasa anauza mchele Moshi mjini. Anakujua. Amekuona mara nyingi ukishuka na begi la shule, akakupita. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu, "Ataniona mwendawazimu, mama. Wao wanasema mimi ni kosa la kompyuta."

Aliyasema hayo akinipimia mchele, hakulia. Nililia mimi.

Leo, baada ya kumwaga ile ndoo, nilimpigia simu. Nikamwambia mdogo wako anasafiri kesho asubuhi. Akauliza, "Ananijua?" Nikasema, "Atakujua kesho." Sijui kama nimesema kweli. Hilo nimekuachia wewe.

Atakuwa stendi, upande wa mabasi ya Dodoma, amevaa sweta la kijani, na kifuko cha mchele alichokuwekea. Baba yako mkubwa atakuwepo. Atamtambua, maana masikio yale hayafichiki, na atajaribu kuwahi kama alivyowahi siku ile. Atasema ni mteja wangu, au basi linaondoka, au lolote lile. Safari hii sitanyamaza, lakini sitaki kukutangulia. Mimi nikisema, itakuwa ni maneno ya wajane na kinyongo chao. Ukisema wewe, mtoto wa baba yako uliyezaliwa ndani ya ndoa ya kwaya mbili, stendi nzima ikisikia, hakuna atakayeweza kuyafuta.

Sikutungii hotuba. Huna haja ya kumkumbatia wala kueleza watu ukoo wako. Happiness ni mkubwa kwako, na hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kumpa ukubwa wake. Mfuate alipo, usingoje akufuate yeye, umwambie, "Shikamoo dada."

Nitakuwa nimesimama nyuma yako na begi lako, nikisikiliza.

Mama yako